Shelfu Iliyokwenda Sokoni

Asubuhi hii muuza vitunguu wa soko la Majengo, hapa Dodoma, amenirudishia nakala ya Takadini. Kurasa za mwanzo hazimo, zimeshafungia karanga za watu, na katikati ya jalada pamelala alama nyeusi ya tairi la bajaji. Amenikabidhi kwa mikono miwili, akainama kidogo, na mbele ya wateja wake akauliza kwa sauti ya upole: "Bosi, ile nyingine inatoka lini?"

Hakuna nyingine. Nimemjibu hivyo na sauti ikanitoka nyembamba. Akina mama wa nyanya wamecheka mpaka mmoja akalikalia tenga lake mwenyewe, hasara ambayo natarajia nitadaiwa pia. Tangu siku ile shelfu yangu ya vitabu ilipokuja sokoni, sinunui fungu la mchicha hapa bila kuulizwa kama imeshapata leseni ya udereva. Na hadithi inazidi kutiwa chumvi. Inasemekana shelfu ilimkimbiza mzee mmoja mpaka kwa wauza dagaa. Uongo. Yule mzee alikuwa anakimbia tangu mwanzo, shelfu ilimkuta njiani.

Basi nami niseme yangu.

Mama mmoja muuza vitabu alikodi fremu mbili zilizopakana, akavunja ukuta wa kati kwa ruhusa ya mwenye nyumba (huyo tutamfikia), akaniita mimi mbunifu. "Mwanangu," akasema, "nataka duka la kazi tatu. Asubuhi liuze vitabu vya shule. Mchana watu wa kompyuta wakae wafanye shughuli zao, walipie kwa saa. Jioni tusukume vyote ukutani, vijana waghani mashairi." Nafasi yote ilikuwa mita 6 kwa 5. Nikamwambia, "Mama, inawezekana." Na mpaka leo nashikilia kwamba inawezekana.

Jambo lenyewe si geni. Dar es Salaam watu wamekunywa kahawa na kubishana katikati ya vitabu pale Soma Book Café, Mikocheni. Paris nako Mmarekani mmoja, George Whitman, alifungua duka mwaka 1951, na mwaka 1964 akalipa jina la Shakespeare and Company. Benchi za kusomea mchana ziligeuka vitanda usiku. Waandishi wachanga wasio na senti walilala humo bure, kwa sharti kwamba wasaidie kazi za duka, wasome kitabu kimoja kila siku, na waache ukurasa mmoja walioandika kuhusu maisha yao. Nilipomsimulia mama, sharti la kusoma alilipenda sana. Kuhusu vitanda alisema tuongee taratibu, mwenye nyumba asije akasikia akatuwekea bei ya kulala.

Siri ya chumba cha kazi tatu ni kwamba humo ndani hakuna kinachopigiliwa. Meza inakunjwa, kiti kinabebana na mwenzake, na shelfu inatembea. Kila kitu kilitokana na hiyo shelfu inayotembea, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie, maana sokoni hakuna aliyenivumilia.

Vitabu ni mzigo mzito kuliko watu wanavyodhani. Mita moja ya vitabu vilivyosimama hufika kilo 30, na vitabu vya sheria, ambavyo mji wenye Bunge hauwezi kuvikosa, huzidi hapo. Sasa uweke mzigo huo juu ya ubao ulioshikwa ncha mbili tu. Utapinda katikati, hilo kila mwenye kabati nyumbani analijua. Asilolijua ni hesabu yake. Ukiurefusha ubao mara mbili, hautapinda mara mbili. Utapinda mara 16: mara 8 kwa sababu ya urefu wenyewe, kisha mara 2 tena kwa kuwa ubao mrefu umebeba vitabu mara mbili. Ukiongeza unene mara mbili, kupinda kunashuka hadi sehemu moja ya nane. Siku nilipoijua hesabu hii nilizunguka nyumba za jamaa zangu na utepe wa kupimia, nikayatazama makabati yao kwa huruma, na baadhi yao hawajanialika tena. Chipubodi ndiyo ina tabia mbaya kuliko zote. Hata usipoiongezea kitabu, inaendelea kulala taratibu mwaka hadi mwaka, na ukiitua mzigo haisimami ikanyooka tena.

Fundi alitaka shelfu ndefu ukuta mzima, kwa hoja kwamba shiti ya plaiwudi ina futi 8 na kuikata ni dhambi. Futi 8 ni sentimita 244. Igawanye kwa 3 unapata 81, kasoro unga wa msumeno, na sentimita 81 ni urefu ambao ubao wa milimita 18 unabeba vitabu bila manung'uniko. Aliponiona nimeipata hesabu hiyo kichwani alinitazama kwa mashaka, lakini akakata. Kila shelfu ikawa na pande mbili, ngazi tatu kila upande, kimo cha kifuani ili mama akiwa kaunta aione mikono ya wateja. Ikijaa, pamoja na mbao zake, ilikaribia kilo 180. Chini yake, magurudumu manne.

Kwenye karatasi ya manunuzi nimeandika "YENYE BREKI", herufi kubwa, na mstari chini yake. Karatasi ninayo, nimeitia plastiki. Fundi alirudi na magurudumu yasiyo na breki, pamoja na chenji, akasema: "Kaka, mzigo wote huu utakwenda wapi? Uzito wenyewe ndiyo breki."

Kauli hiyo imenisumbua kuliko aibu yenyewe, kwa sababu mtu akiisikia anaafiki. Fikiria. Kinachoivuta shelfu kuteremka ni uzito wake. Kinachoizuia, yaani msuguano wa gurudumu na sakafu, nacho kinatokana na uzito huohuo. Ukiongeza vitabu unaviongeza vyote viwili kwa kiwango kimoja, na mshindi habadiliki. Shelfu tupu ikiweza kuondoka, iliyojaa nayo itaondoka. Tofauti ni kwamba iliyojaa huisimamishi kwa mkono. Gurudumu dogo gumu juu ya niru iliyong'arishwa linahitaji mteremko wa sentimita 1 hivi kwa kila mita, basi, likisukumwa kidogo liendelee lenyewe. Swali likabaki: sakafu ya nyumba ya Majengo ina mteremko kiasi gani?

Nani angeuliza? Sakafu ni sakafu. Lakini baada ya mambo kutokea nilichukua mpira wa maji, ule mwembamba unaoonekana ndani, ambao mafundi wetu wanautumia pale pimamaji ya dukani inapokosekana. Nakipenda sana kifaa hiki. Unaujaza maji mpira, ncha moja unaishika ukutani, ya pili unaipeleka popote, hata chumba cha pili. Upitishe chini ya meza, uzungushe ndoo, upandishe na kuushusha utakavyo. Maji kwenye ncha zote mbili yatasimama kimo kilekile. Hauna betri, hauna mshale, na hauwezi kuhongwa. Adui yake ni kiputo cha hewa tu. Nikaupima ukuta wa nyuma, nikaja mlangoni: sakafu imeshuka sentimita 12 katika mita 6. Sentimita 2 kila mita, maradufu ya zile shelfu ilizozihitaji.

Mzee mmoja mwashi wa mtaa, aliyesimama kunitazama nikitambaa na mpira, alinionea huruma. "Mjukuu wangu," akasema, "nyumba za zamani za hapa tumezilaza mlangoni zote. Maji ya deki yatokee wapi, dirishani?" Akaenda zake. Sakafu ilijengwa ili itoe vitu nje, na inavitoa.

Kizingiti kingeizuia, lakini tulikuwa tumekiondoa, na nje badala ya ngazi tulimwaga njia ya zege kwa ajili ya mtu wa kiti cha magurudumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike, na katika kazi yote ile sehemu ninayoionea fahari ni hiyo. Inapitika vizuri. Nimeshuhudia.

Siku yenyewe, ya kuwaonyesha wageni duka, ilikuwa Jumamosi, soko limejaa. Walikuwepo walimu wa shule za jirani, majirani wa fremu, na mheshimiwa mmoja ambaye sikujua ni mheshimiwa wa nini; Dodoma ukivaa suti unaitwa mheshimiwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Aliingia akatamka "Mbukwenyi!" kwa lafudhi ya mtu aliyeshuka kwenye treni juzi, watu wakamwitikia kwa heshima. Nikasimama mbele ya shelfu ya hadithi za sekondari, nikaanza kueleza falsafa yangu. Nikasema samani nzuri ni ile inayomtii mtu. Nikasema shelfu hii hata mtoto anaweza kuisogeza.

Mtoto alikuwepo.

Wa mama lishe wa fremu ya pili, hajaanza hata chekechea. Aliisukuma kwa viganja vyote viwili, akaiachia, akanitazama aone kama ndivyo nilivyotaka. Shelfu ikaondoka.

Ninachotaka kieleweke ni kwamba haikukimbia. Laiti ingekimbia, watu wangepiga kelele, wangeidaka. Ilitoka kwa mwendo wa bibi harusi anayeingia ukumbini, na wageni wakaipokea kwa hadhi hiyo. Walijigawa pande mbili. Wakapiga makofi. Mwalimu mmoja wa kike akapiga kigelegele. Mheshimiwa akaipisha mlangoni na kuiinamishia kichwa. Walidhani ni sehemu ya maonyesho, na mimi nilikuwa natabasamu, kwa hiyo walikuwa na kila sababu ya kudhani hivyo.

Kwenye zege ndipo ilipobadili tabia. Vijana wa bodaboda waliokuwa kijiweni walisimama wote kwa mkupuo. Shelfu iliteremka ikivuta kasi, ikaingia barabarani bila kutazama kulia wala kushoto, bajaji ikaikwepa kwa kushusha tairi moja mtaroni, yule mzee akapita mbele yake akiwa na safari zake, na kilo 180 za elimu ya sekondari zikavuka kuelekea upande wa mboga.

Kilichoisimamisha ni jiwe, tena dogo. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 5 likikutana na jiwe la kimo cha sentimita 2 haliwezi kulipanda. Linagonga na kuganda hapohapo. Gurudumu kubwa lingepita juu yake bila hata kulitambua, ndiyo maana guta na mikokoteni ya soko imefungwa matairi makubwa, na wasukumaji wake hawajawahi kuniomba ushauri wa ubunifu. Miguu ya shelfu ikagoma, kifua kikaendelea. Ikalala kifudifudi juu ya vitunguu.

Pakawa kimya. Kisha sauti ya mwanamke ikauliza: "Hii Ngoswe bei gani?"

Ngoswe, kwa aliyesahau, ni tamthilia ya Edwin Semzaba kuhusu afisa aliyetumwa kuhesabu watu, akaishia kupoteza makaratasi yote ya sensa kwa uzembe wake. Niliiona imelala chali juu ya fungu la bilinganya, jalada likinitazama. Watoto wa Mama N'tilie ilikuwa imefika kwa muuza ndizi. Wazazi waliokuja kununua mboga wakaanza kuokota na kuulizana nani ana mtoto kidato gani. Mama mwenye duka alitoka mbio, machozi yakimlengalenga, akasimama katikati ya vurugu, akajifuta uso kwa pindo la khanga, na akaanza kutaja bei. Sijawahi kuona vitabu vikinunuliwa namna ile. Waliokuwa hawajawahi kukanyaga dukani kwake, kwa kuwa mlango wenye kioo unamtisha mtu mwenye kapu, walinunua wakiwa wamechuchumaa. Mmoja aliomba apunguziwe kwa sababu kitabu kilinuka kitunguu, akapunguziwa.

Mgambo naye akafika. Akaizunguka shelfu, akauliza ni ya nani, na kama mwenyewe ana kitambulisho cha mjasiriamali, vile vya shilingi 20,000 vilivyoanza kugawiwa wakati wa Rais Magufuli ili mchuuzi mdogo asisumbuliwe. Nilimweleza kwamba shelfu haifanyi biashara, imepata ajali. Akanyoosha kidole kunionyesha mama akirudisha chenji.

Walimu walinifariji kwamba kuhama si jambo la haya katika mji huu. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yatoke Dar es Salaam yaje Dodoma. Waziri Mkuu alihamia Septemba 2016, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Miaka 46. Shelfu yangu ilihama kwa muda usiofika nusu dakika na haikudai posho. Vitunguu nililipa mimi.

Yaliyofuata ni madogo. LUKU iliisha katikati ya usaili wa mtandaoni wa kijana mmoja, akamalizia kujibu gizani akiongea na kioo. Mchwa walipanda ukuta wa nyuma wakala Hisabati Kidato cha Pili, maswali yote, wakaacha majibu. Jioni ya kwanza ya mashairi upepo wa Agosti ulizichukua beti za mghani wa kwanza, wa pili akasema atakuja siku nyingine.

Na kelele. Hili lilinipa raha kuligundua ingawa ni hasara. Shelfu iliyojaa vitabu inanyonya sauti. Karatasi, majalada, na zile nafasi zisizolingana kati ya kitabu na kitabu zinaikamata sauti na kuichanachana isirudi. Kwa hiyo kona yetu ya kazi ilikuwa tulivu ajabu, nje kinyozi akipiga muziki na mashine ya kusaga ikinguruma. Ikaja Januari, shule zikafunguliwa, wazazi wakanunua. Shelfu zikabaki wazi, na chumba kikaanza kulia. Mteja akikohoa dirishani, wa kaunta anaitikia. Nimetafuta kila njia ya kumwandalia mama duka ambalo halipigi kelele likiuza, na jawabu pekee ni lisiuze.

Kilichonikausha kicheko ni meza. Tuliichora kwa ajili ya mtu niliyemwona kwenye picha za majarida: ndevu zimechongwa, kompyuta nyembamba, kahawa yenye ua la maziwa juu. Hajaja. Labda yuko Dar. Waliokuja wamebeba bahasha za kaki.

Hawa ni watu wa usaili. Kwa miaka mingi usaili mwingi wa ajira za serikali umefanyika hapa Dodoma, mara nyingi kule Udom, na kila ukitangazwa mabasi yanamwaga vijana kutoka Kigoma, Mtwara, Bukoba. Wanashuka miguu imevimba. Wanataka kopi ya cheti cha kuzaliwa, wanataka kuelekezwa kwa wakili wa kugonga muhuri, wanataka tundu la chaja, na wanataka kukaa. Wanalipia saa moja na kukaa tano, na mama hajawahi kumwinua mtu. Mezani kwetu nimeona binti akianza riwaya asubuhi na kuimaliza jioni bila kuinunua, simu yake ikiwa imejaa chaji tangu mchana. Wapo wengine wanaoikariri historia ya taasisi wanayokwenda kuiomba kazi, midomo ikicheza, macho yamefumbwa.

Juni 2014 Uhamiaji ilipoita watu usaili kule Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, walijitokeza zaidi ya 10,000 kugombea nafasi 70. Zaidi ya watu 140 kwa kiti kimoja. Nilikuwa nabishana na fundi kuhusu viti 12, vikae vipi ili mtu asimgonge mwenzake kiwiko, nikajiona mjinga wa kiwango cha juu.

Tena hasira yangu haiko kwenye viti. Tunawaambia hawa vijana wawe wepesi, wajiajiri, wawe tayari kwenda popote watakapoitwa. Wamekubali. Maisha yao yote yako kwenye begi moja na bahasha moja. Na wakifika kwenye mji mkuu wa nchi yao, mji uliojengewa wizara mpya kule Mtumba, kila mwenye kivuli anawauliza wataagiza nini. Anayeshuka basi alfajiri na usaili wake ni saa nane mchana hana pa kujiegesha mpaka anunue soda, na akimaliza soda anatazamwa. Tunajua wanakuja. Sisi ndio tuliowaita.

Jioni moja wakati wa kufunga, binti mmoja alimsogelea mama. "Shikamoo mama. Naomba kuuliza, hizi benchi za dirishani zinalaliwa?" Guesti zilikuwa zimejaa, na zenye nafasi zilikuwa zimepandisha bei, maana mji ukipata wageni wenyeji tunasahau undugu. Benchi zile zina upana wa sentimita 55 na urefu wa 180. Nilizipima hivyo nikiwa na akili zangu timamu, Whitman yuko kichwani. Lakini Paris kijana asiye na pesa akilala katikati ya vitabu ni mwandishi, watalii wanampiga picha. Hapa, mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, na kabla binti hajamaliza swali alishasema hataki wezi kwenye nyumba yake. Hakupunguza sauti. Binti akaikumbatia bahasha yake, akaomba msamaha kwa kuuliza.

Mama alimchukua akalale kwake. Kesho yake alimsindikiza mpaka kwenye daladala za Udom.

Mwenye nyumba huyohuyo, baada ya kuona duka linapendeza, amepandisha kodi, tena anaitaka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ukuta tulivunja sisi. Niru tulirudishia sisi, njia ya zege tukamwaga sisi, na sasa tunatozwa kwa uzuri wa vitu tulivyovitengeneza. Nimefanya kazi hii kiasi cha kutosha kujua kwamba mpangaji akipaka rangi ukutani amejiandikia barua ya kupandishiwa kodi. Nimeshawaambia wateja wangu wengine: pakeni nusu ukuta. Hakuna sheria niliyoiona ikimlinda mtu aliyeongeza thamani ya nyumba isiyo yake, na sitaki hata kuchekesha hapo.

Ili kodi ipatikane mama amenunua mashine ya kutoa kopi. Imekaa pale palipokuwa jukwaa la washairi, kubwa, ina joto, na kwa wiki inaingiza kuliko fasihi yote iliyomo ndani. Washairi wamehamia chini ya mwarobaini nje, kwa kinyozi, ambako wanadai sauti inatoka vizuri zaidi.

Salio langu nililikumbushia mara kadhaa, kwa heshima, maana ni mama. Mwishowe amenihesabia nusu taslimu, nusu iliyobaki akanipa kaunta buku za kwaya tatu, maboksi mawili, akasema, "Mwanangu, hizi haziozi." Kwa hiyo ukinikuta Jamatini nimepanga kaunta buku juu ya turubai, usishangae, sogea tu. Moja ni 3,500. Ukichukua dazeni tunaongea.